Joto Litokee Wapi

Anayepanga kwa mara ya kwanza mzunguko wa maji wa kupozea kompyuta ya kazi nzito huanzia mahali pasipofaa. Huanza na bloku, kile kibamba cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, kwa kuwa ndicho kinachopendeza pichani na ndicho kinachogusa chanzo cha joto. Kisha huchagua rangi ya maji, aina ya mipira, umbo la tangi, na mwisho kabisa hutafuta rejeta itakayoenea kwenye nafasi iliyobaki ndani ya kasha. Sura hii inashikilia kwamba mpango unapaswa kuanzia upande wa pili: kwanza iamuliwe joto litokee wapi, halafu kila kifaa kifuate uamuzi huo. Hoja hiyo ni ya kweli popote, ila hapa Fungurume, mkoani Lualaba nchini Kongo, ina uzito zaidi, kwa sababu huku hewa yenyewe, ambayo watengenezaji wa vifaa hivi huihesabu kama kitu cha bure kisicho na neno, ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Kwanza tujue ni joto kiasi gani tunalolizungumzia. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, na katika ukanda wote huu, kutoka Likasi hadi Kolwezi, kompyuta zenye nguvu zina kazi ya kweli: kuchora umbo la mwamba wenye madini kwa programu kama Leapfrog au Surpac, au kuunganisha maelfu ya picha za droni ziwe ramani ya shimo na ya malundo ya mawe. Kazi ya namna hii haifanani na mchezo wa video unaopanda na kushuka. Kompyuta hushikilia nguvu yake yote kwa saa kadhaa mfululizo, hata usiku kucha. Prosesa ya Threadripper PRO 7995WX imepangiwa wati 350, na kadi ya michoro ya RTX 4090 wati 450. Hizo ni wati 800 kabla hujahesabu kitu kingine, na zote, bila kubaki hata moja, zitaishia kuwa joto ndani ya chumba.

Maji hayaliondoi joto hilo. Yanalibeba tu. Hili linajulikana na kila mtu na linasahauliwa na karibu kila mtu anapofika dukani. Pampu ya kawaida husukuma lita 4 hivi kwa dakika, na kwa mwendo huo wati 800 huyapandisha maji joto kwa nyuzi zisizofika 3 yanapomaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo ule mjadala mrefu kuhusu kipi kitangulie, prosesa au kadi, rejeta ikae kabla au baada, hauna faida kubwa: maji yana karibu joto lilelile kila mahali. Fitingi zipangwe kwa namna inayofupisha mipira na kurahisisha kumwaga maji, basi. Kitakachoamua kama mashine itafanya kazi vizuri mchana wa Oktoba ni hewa inayopita kwenye rejeta, wala si mpangilio wa mabomba.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Ili hewa ibebe wati 800 kwa kupanda joto nyuzi 10 tu, kwenye usawa wa bahari, tuseme Mombasa, zinahitajika takribani mita 4 za ujazo kwa dakika. Lakini nchi hii ni uwanda wa juu; Kolwezi iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Fungurume chini yake kidogo. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hadi 16, na feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule wenye uzito pungufu. Matokeo yake ni kwamba mita 4 hazitoshi tena. Zinatakiwa zaidi ya 4 na nusu. Feni ya milimita 120, ikizunguka polepole kiasi cha kutomkera mtu na ikizuiwa na mapezi ya rejeta, hupitisha chini kidogo ya mita moja ya ujazo kwa dakika. Basi feni sita ndiyo kiwango cha chini kabisa, na anayetaka nafasi ya kupumua atafikiria tisa. Jedwali la mtengenezaji lililopimwa katika maabara yenye nyuzi 20, karibu na bahari, lisomwe kwa kupunguza.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, malori hupita barabara kuu yakiinua vumbi jekundu, na vumbi hilo huingia hata chumba kilichofungwa madirisha. Rejeta nyembamba inayosifiwa kwa kubanana mapezi, zaidi ya ishirini kwa kila inchi, hapa ni chujio zuri kuliko ilivyo rejeta. Vumbi hujipanga upande wa kuingilia hewa kama kitambaa laini chenye rangi ya tofali, nyuzi za nguo na nywele zikilishikanisha, na kwa kuwa feni imelifunika, mwenye mashine haoni kitu mpaka aifungue. Dereva yeyote wa njia ya Likasi anajua lori linavyochemka rejeta ikiziba matope. Tofauti ni kwamba lori hutoa mvuke ukaonekana, ilhali prosesa hupunguza mwendo wake kimyakimya, na kazi iliyokuwa ya saa sita ikawa ya tisa bila mtu kujua sababu. Chagua rejeta yenye mapezi yaliyoachana, kumi hivi kwa inchi, inayosafishika kwa mkupuo mmoja wa hewa ya kompresa, na uifunge mahali ambapo feni zinafunguka bila kumwaga maji.

Ukiweka pamoja kimo, vumbi na wati 800, jibu linajitokeza lenyewe: rejeta isikae ndani ya kasha. Ziko rejeta kubwa za nje, MO-RA3 ya Watercool ikiwa mfano, zinazobeba feni tisa za milimita 120 na kusimama kando ya meza au kutundikwa ukutani. Hii ndiyo faida ambayo feni peke yake haiwezi kukupa. Kompyuta ya kupozwa kwa feni lazima ivute hewa yote ipite juu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na vumbi lote lipite hapohapo. Maji yanakuruhusu kulihamisha joto mita mbili, hadi ukuta ulio mbali na barabara, na kasha likabaki na feni moja au mbili za polepole nyuma ya chujio. Usizitoe feni hizo: kumbukumbu, diski na vifaa vya kurekebisha umeme kwenye mazabodi bado hutegemea hewa, na bloku hazivifikii. Kupanda kwa mpira hadi ukutani hakuielemei pampu, kwa kuwa katika mzunguko uliofungwa maji yanayoshuka huyasaidia yanayopanda. Weka viungio vya kujifunga vyenyewe kwenye mipira miwili inayotoka nje, ili rejeta itolewe, ipulizwe uani, irudishwe.

Kuna pingamizi linalostahili jibu la haki: kwa nini yote haya, wakati kipoza kikubwa cha feni kinagharimu sehemu ndogo ya fedha hizo na hakivuji? Kwa prosesa moja yenye wati 200, pingamizi hilo limeshinda, na mwandishi anayesema vinginevyo anauza kitu. Hata mizunguko iliyofungwa kiwandani inawatosha wengi. Hoja inageuka pale joto linapotoka kwenye vitu viwili au vitatu kwa pamoja na kwa saa nyingi. Kadi ya wati 450 inayojipoza kwa feni zake humwaga joto hilo ndani ya kasha, prosesa ikalivuta tena. Mwingine atasema: weka kiyoyozi chumbani. Kiyoyozi kinasaidia, lakini nacho kinakula umeme, na ofisi nyingi za hapa huendesha jenereta kila umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika. Kununua mafuta ili kupoza chumba kizima kwa ajili ya vipande viwili vya silikoni ni hesabu mbaya.

Kuhusu kuvuja, hofu hiyo si ya kijinga. Apple iliuza Power Mac G5 zilizopozwa kwa maji kuanzia 2004, na baadhi zilivuja na kuharibu mashine nzima. Upande mwingine, IBM ilipoza kompyuta zake kubwa za 3081 kwa maji tangu mwanzo wa miaka ya 1980, nazo zikahudumia mabenki. Tofauti iko kwenye majaribio na matunzo. Kabla ya tone moja kuingia, mzunguko ujazwe hewa kwa pampu ya mkono yenye geji hadi nusu ya baa, uachwe; mshale ukishuka, tafuta oringi iliyopindika. Kisha maji yatiwe pampu ikiwa peke yake kwenye umeme, mazabodi ikiwa haijaunganishwa, na karatasi za jikoni zitandikwe chini ya kila kiungio kwa siku nzima. Umeme ukikatika ghafla, pampu na prosesa huzimika pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Kinachoogopesha ni pampu kufa peke yake. Waya wake wa kuhesabu mizunguko uunganishwe kwenye mazabodi, mashine ijizime ikiona sifuri. Na umande? Maji yanayopozwa kwa hewa ya chumba hayawezi kuwa baridi kuliko chumba, basi hata Februari yenye unyevu mwingi hakuna kitakacholowana.

Lililobaki ni maji na metali, na hapa mazingira yanarudi tena. Miamba inayobeba shaba ya Lualaba ni ya dolomiti, na maji yaliyopita ndani yake huyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Maji ya kisima, hata yawe maangavu vipi kwenye bidoni, yataacha ukoko mweupe katika mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko unene wa kadi ya simu. Tumia kimiminika kilichotayarishwa kiwandani, au maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Kwenye gereji maji yaliyokenekwa huuzwa kwa ajili ya betri, lakini rafu hiyohiyo hukaa chupa za asidi ya salfuriki kwa kazi hiyohiyo ya betri. Soma lebo, usitegemee jina la mtaani. Rangi nzito zenye chembe ziepuke, maana hutuama. Metali nazo zisichanganywe: bloku ya shaba na rejeta ya alumini katika maji yaleyale hufanya betri, na alumini ndiyo italiwa. Shaba, shaba ya manjano na nikeli zinaelewana. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alumini, na ingekuwa ajabu kuagiza rejeta ya alumini mpaka huku, mahali panapopakia shaba kwenye malori kila siku.

Vifaa hivi kwa kawaida huagizwa kutoka mbali, na oringi moja iliyopotea inaweza kusimamisha kazi kwa majuma. Agiza fitingi mbili za ziada, oringi kumi, mpira wa EPDM mrefu kuliko unavyodhani, na pampu ya pili kama kazi haiwezi kusubiri. Fedha ikipungua, punguza kwenye bloku, kwani kati ya bloku nzuri na bora kuna nyuzi chache tu. Usipunguze kwenye rejeta. Mwenye prosesa moja na kadi ya kawaida anunue kipoza kikubwa cha feni, UPS nzuri, na brashi ya kufagia vumbi kila mwezi. Mwenye wati 600 na kuendelea apime ukuta wake kwanza, aagize rejeta inayoenea hapo, na bloku aichague mwisho.