Shaka na Ushahidi katika Usalama wa Kompyuta

Kasoro ya usalama katika programu ya kompyuta ni mwanya unaomwezesha mtu asiye na ruhusa kutenda asiloruhusiwa, mathalani kusoma siri za wengine. Anayeushuku mwanya huo hana budi kuthibitisha kwanza kwamba upo, kwani kila taarifa humlazimu mtunzaji wa programu, ambaye mara nyingi hujitolea bila malipo, kuacha kazi yake ili aichunguze. Mwanzoni mwa mwaka 2026 watunzaji wa curl, programu ya kusafirisha data mitandaoni, walifuta zawadi za fedha kwa wagunduzi wa kasoro, baada ya kuelemewa na taarifa zisizo na msingi, nyingi zikiwa zimetungwa kwa akili bandia.

Kazi ya Andres Freund ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2024, alipokuwa akipima kasi ya programu katika mfumo wa Debian, aliona kwamba maombi ya kuingia katika kompyuta kutoka mbali yalitumia nguvu nyingi isivyo kawaida, hata yale yaliyokataliwa papo hapo. Muda wa sekunde 0.299 ulikuwa umefikia 0.807. Nusu sekunde haithibitishi uovu. Huenda toleo jipya ni zito tu. Alipofuatilia muda huo ulikopotelea, aliukuta ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Ajabu hiyo ilistahili kuchunguzwa.

Awali alidhani kifurushi cha Debian pekee ndicho kilichochafuliwa. Lau angetangaza dhana hiyo, lawama ingewaangukia wasiohusika. Alipolinganisha kifurushi asilia cha xz na maandishi ya programu hiyo yaliyowekwa hadharani, aligundua katika kifurushi mstari usiokuwamo katika maandishi. Mstari huo ulichomoa maagizo yaliyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Akatafuta pia hali ambazo ucheleweshaji hutokea na zile ambazo hautokei.

Aliwaarifu faragha wahusika wa usalama wa Debian, kisha tarehe 29 Machi akatangaza. Taarifa yake ilitaja matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ikaonyesha namna ya kurudia vipimo, tena ikakiri yale ambayo hakuyachunguza (jambo ambalo wengi hulisahau). Siku hiyo hiyo Red Hat iliwaonya watumiaji wa Fedora. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaingia katika Debian imara, ile itumiwayo na wengi.