Mgeni asiyekunywa pombe asiishie soda: mokteli ya machungwa na ndimu

Jumamosi umealika watu nyumbani. Mmoja dini yake hairuhusu pombe, mwingine aliiacha, wa tatu ndiye dereva. Wenzao wanachanganyiwa vinywaji vya maana, wao wanasukumiwa soda. Si poa. Hebu wiki hii nao wapate glasi iliyoandaliwa.

Chupa yenyewe

Kuna jini na ramu zisizo na kileo, zinazotengenezwa kwa viungo, mitishamba na maganda ya matunda. Hazinywewi zikiwa peke yake. Kazi yake ni kuongeza uchungu kidogo, ili kinywaji kisiwe juisi tu.

Soma lebo kabla ya kulipa. Nyingine ni 0.0%, nyingine zina kileo hadi 0.5%. Kwa wengine tofauti hiyo ni kubwa. Na yule aliyeacha pombe, muulize kwanza: ladha inayofanana na jini inaweza kumrudishia hamu.

Piga hesabu

Chupa ya mililita 700, ukipima 50 kwa kila glasi, inatoa glasi 14. Tuseme umeinunua shilingi 2,800: hiyo ni shilingi 200 kwa glasi, bila matunda. Mkiwa wengi, changeni mapema. Ikibaki, weka kwenye friji. Haina kileo cha kuihifadhi, kwa hivyo fuata muda ulio kwenye lebo.

Ya watu 4

1. Chemsha tangawizi iliyopondwa kwa nusu kikombe cha maji na vijiko 4 vya sukari, dakika 5. Chuja, iache ipoe.
2. Kamua machungwa 3 na ndimu 2 wageni wakishafika. Juisi ikikaa hupoteza ladha.
3. Changanya kwenye jagi pamoja na mililita 200 za ile chupa.
4. Jaza glasi barafu, mimina, kisha malizia na maji ya soda baridi. Usikoroge sana, gesi itaisha.
5. Minya kipande cha ganda la chungwa juu ya glasi. Mafuta yake ndiyo harufu yenyewe.

Bajeti imebana?

Acha chupa. Tumia chai ya rangi iliyokolea, yenye iliki na mdalasini, ikiwa imepoa. Uchungu wa majani ya chai unafanya kazi ileile, na ndiyo ya kumpa yule asiyetaka hata harufu ya jini.

Ukiagiza mtandaoni

Lipa kwa namba ya Till ya duka, si kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua. Jina likitokea, lisome kabla hujathibitisha malipo. Likiwa tofauti na la duka, katisha hapo hapo. Ni rahisi kusimamisha malipo kuliko kuyafuatilia yakishaenda, na wageni wako mlangoni.