Ugonjwa wa Seliaki (Sehemu ya Pili): Wimbi Safi, Mashine Chafu

Wiki iliyopita tuliona jinsi gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, inavyoichochea kinga ya mwili wa mgonjwa kuushambulia utumbo wake mwembamba, hata mtoto anayekula akashiba akazidi kukonda na kupungukiwa damu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mgonjwa huacha gluteni maisha yake yote.

Mzazi wa Nyeri hushtuka akisikia hivyo, lakini aanzie jikoni kwa nyanya. Githeri, mukimo, nduma, njahi, viazi vitamu, ugali wa mahindi: vyote havina gluteni kwa asili. Adui mkuu ni ngano: daktari Mholanzi Willem Dicke alithibitisha madhara yake katika tasnifu ya 1950. Wakati wa njaa ya vita huko Uholanzi, 1944 hadi 1945, watoto wagonjwa walipata nafuu mkate ulipoadimika, kisha wakazidiwa uliporudi. Kwetu ngano hulimwa kule Timau, na chapati imekuwa heshima ya kila sherehe. Kumnyima mtoto chapati mbele ya wageni kunataka moyo, na shangazi atasema mnamdekeza.

Hata hivyo, chapati huonekana. Kinachowaponyoka wengi ni mashine ya kusaga. Mama hununua wimbi safi sokoni Karatina, akalipeleka kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, au unga wa uji uliochanganywa na ngano. Mabaki yake yanatosha kumdhuru mtoto. Kuwa wa kwanza kwenye foleni hakusaidii ikiwa mashine ilisaga ngano jana. Tafuta isiyosaga ngano kabisa. Mafuta yaliyokaanga mandazi nayo yasikaange viazi vyake.

Akienda shule ya bweni, mkate wa asubuhi upate mbadala, na mpishi aelezwe kwamba mwiko uliogusa ngano usiingie kwenye githeri yake. Kwa Wakatoliki kuna hostia pia: Roma ilikariri mwaka 2017 kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki. Anayeshindwa hata na ile yenye gluteni kidogo sana huweza kupokea divai peke yake, kwa hiyo zungumzeni na paroko mapema.

Ikiwa mnashuku tu, msimwondolee mtoto ngano kabla ya vipimo. Akishaiacha, kingamwili hupungua katika damu na utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao.