Mguu Unaokauka Upesi

Mwindaji wa Kihadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hamfuati mnyama akiwa na buti. Huvaa katambuga, viatu vya wazi vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu. Wazee wake walivaa ngozi ya swala. Watafiti waliopima mwendo wa Wahadzabe na kuchapisha matokeo mwaka 2012 walikuta wanaume hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku. Kwa mwendo huo, lengelenge moja la kisigino laweza kumrudisha mtu kambini.

Mvua zikinyesha, bonde la Yaeda hugeuka tope, na hapo mgeni hukosea. Hudhani mguu mkavu ni ule usioguswa na maji. Yaeda ya masika haina mguu wa namna hiyo. La muhimu ni ukauke upesi. Buti likiingia maji kwa juu, hukaa nayo kutwa. Ngozi hunyonya maji, ikajikunja na kuwa nyeupe kama vidole vya mfua nguo. Ikifika hapo, kipindo kidogo cha soksi kinatosha kuichubua, na fangasi huota katikati ya vidole. Baridi, kama ya juu ya Mlima Hanang wenye mita 3,420, huongeza balaa: mishipa ya damu husinyaa na unyayo ukafa ganzi. Hayo ndiyo yaliyowakumba askari wa mahandaki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hata Waingereza wakaamriwa kubadilisha soksi na kujipaka mafuta ya nyangumi.

Katambuga haizuii maji, ila haiyafungii. Ukishavuka kijito, upepo hufanya kazi yake huku unatembea. Kasoro yake ni kwamba huacha vidole wazi kwa miiba ya migunga na kwa funza. Kagua kila jioni, hasa pembeni mwa kucha: kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe ni funza jike. Mtoe mzima kwa sindano safi, kisha osha kwa sabuni, maana kidonda kichafu hukaribisha pepopunda.

Anayeshikilia buti abebe jozi ya soksi za kulalia tu, zisiguse tope kamwe. Na mguu uliokufa ganzi usiupashe joto motoni. Utaungua bila kuhisi. Ufute, uufunike kwa blanketi, uache upate joto polepole.