Je, Wajua? Jedwali Ndani ya Jalada

Je, wajua ya kuwa katika riwaya ya Mildred D. Taylor iitwayo Roll of Thunder, Hear My Cry, iliyotolewa mwaka 1976 na kutunukiwa Nishani ya Newbery mwaka uliofuata, dhuluma ya rangi yamkabili mtoto siku yake ya kwanza ya shule, kwa njia ya kitabu? Huko Mississippi, mwaka 1933, Little Man, mwana wa miaka 6 apendaye unadhifu mno, alipopewa kitabu kilichochakaa na kujaa uchafu, alifunua jalada akaona jedwali lenye kuonyesha hali ya kitabu na rangi ya kila aliyekitumia: Wazungu walikipokea kingali kipya, na kilipokwisha kuharibika kabisa ndipo kikafikishwa kwa watoto weusi, tena kwa jina la kuwatweza. Akakitupa, akakikanyaga kwa ghadhabu. Dada yake Cassie, mwenye miaka 9, ambaye ndiye msimulizi, alimtetea kwa mwalimu, wakachapwa wote wawili. Mama yao, mwalimu wa shule iyo hiyo, alikata karatasi akazibandika juu ya majedwali yale; na kwa rai yangu hapana ushujaa uupitao huo katika hadithi nzima. Baadaye akaachishwa kazi, kwa kuwasomesha watoto habari za utumwa zisizokuwamo kitabuni.