Adui wa Sufuria Yumo Jikoni

Mara nyingi mama wa nyumbani humlaumu muuza duka sufuria inapotoboka, kumbe adui yumo jikoni mwake. Nayo familia ya askari, ihamayo kutoka kambi hadi kambi, yajua gharama ya kununua vyombo vipya.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, metali ambayo uzito wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma. Haili kutu kama jembe. Inapoguswa na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio ngao yake.

Ngao hiyo haistahimili magadi. Maharagwe yakichemshwa kwa magadi ili yaive upesi, maji yake huuyeyusha utando, kisha huanza kuila alumini yenyewe. Ndipo sufuria huwa nyeusi ndani. Maji ya majivu yakilazwa humo hufanya vivyo hivyo. Chumvi nayo, ikiachwa chini ya sufuria yenye unyevu, huchimba vishimo ambavyo baadaye huvuja.

Lingine ni moto. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538, alumini kwa 660 tu, na makaa yaliyopulizwa vizuri hupita hapo. Ndivyo mafundi wanavyosubu sufuria kwa alumini chakavu. Maji yakiwamo, huilinda. Yakikauka, usistaajabu kitako kikilegea.

Basi maharagwe ya magadi yapikwe katika chungu. Sufuria iliyokwisha kuwa nyeusi ichemshiwe maji yenye ndimu, kisha isuguliwe kwa kitambaa laini.