Jicho la Dereva na Mgongo wa Mwokozi

Mhudumu wa gari la wagonjwa apigapo magoti kando ya barabara kuu kumfunga majeruhi bendeji, huwa ameyapa magari mgongo, na mngurumo wa injini ya gari lake mwenyewe humzibia sauti ya yale yanayomjia. Hivyo roho yake, kwa muda ule wote, huwa amana mikononi mwa watu asiowajua.

Katika jimbo la South Carolina, nchini Marekani, mhudumu mmoja aligongwa mwaka 1994 akiwa katika kazi hiyo, na ripoti ya askari ikamtwika yeye lawama kwa kuwapo barabarani. Dhuluma hiyo hakuinyamazia, na mwaka 1996 jimbo lake likawa la kwanza kuwalazimisha madereva kupunguza mwendo na kuhama njia waonapo mataa ya dharura. Mengine yakafuata, hata Hawaii mwaka 2012 ikakamilisha majimbo yote 50.

Walakini sheria hiyo husema na dereva aonaye. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata takriban mita 28 kila sekunde, na mwenye kuinamia simu kwa sekunde tano, apate kusoma salamu za sahibu yake, huwa amekwisha kupita mita 140 kama kipofu. Naye ainuapo uso, koni za tahadhari zi chini ya magurudumu. Mataa mekundu na ya buluu, yametemete yatakavyo, hayamwonyi mtu ambaye macho yake yako mapajani.

Ndiyo maana nasikitikia miaka iliyopotea, kwani jimbo lile lile halikukataza kushika simu kwenye usukani hadi tarehe 1 Septemba 2025, kwa faini ya dola 100 kosa la kwanza, na dola 200 pamoja na pointi mbili katika leseni kwa yanayofuata. Kwa rai yangu amri hizi mbili ni moja. Kuitoa ile bila hii ni kumwamuru dereva ampishe asiyemwona.

Aidha, mikono kuwa huru si fikra kuwa huru. Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenziwe walidhihirisha mwaka 2015 kwamba dereva aliyeiamuru simu au gari kwa sauti, katika mitambo iliyokuwa mibaya zaidi, fikra zake zaweza kukawia hata sekunde 27 kurejea barabarani baada ya kumaliza. Kwa mwendo ule wa kilomita 100, hizo ni mita 750, zatosha kuwapita askari, wazimamoto na majeruhi juu ya machela, macho yakiwa wazi kabisa, naye asiwatambue.